Kalafati ya Bomba la Didas

Bomba lile liko uani kwangu, Temeke, limeegemea ukuta wa choo. Upepo wa mvua ukipita juu ya mdomo wake, linatoa sauti ya mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema neno. Mke wangu anataka niuzibe mdomo huo. Sijauziba.

Lilikuwa la Didas, jirani yetu, mtu wa Bukoba, dereva wa Landrova ya kupeleka dawa kwenye zahanati za nyuma ya Mbagala. Njiani kulikuwa na mto usio na daraja. Masika ya mwaka 1953 injini ilikunywa maji mara mbili katikati ya mto ule, na mara zote mbili watu walimvuta kwa kamba huku wakimcheka. Akaamua kwamba gari lake litavuta hewa kutoka juu. Alitafuta bomba la zamani, akalipinda, akalipandisha pembeni mwa kioo cha mbele hadi juu ya paa, mdomo ukitazama nyuma ili mvua isiingie. Chini, pale bomba lilipoingia kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye injini, pakabaki uwazi wa upana wa kidole. Mpira wa kipimo chake haukupatikana mjini.

Baba yangu alikuwa fundi wa mashua Msasani, na kabla ya kwenda sekondari mie ndiye niliyemtilia kalafati, pamba ya kuziba nyufa za mbao. Nikamwambia Didas uwazi ule aniachie. Nilisokota pamba, nikaichovya katika mafuta ya papa, nikaishindilia kwa patasi mpaka ikagoma kuingia. Didas alishika pua, akasema sasa gari la serikali litafukuzwa na paka. Nikamjibu kuwa mla ndizi hawezi kujua harufu nzuri.

Tukaenda kujaribu. Maji yalifika kwenye taa, yakaingia milangoni, yakatulowesha magoti, na injini haikukata. Juu ya vichwa vyetu bomba lilikuwa likivuta, hoo, hoo. Didas alisimamisha gari ng'ambo. Hapo alifunua boneti, akaipapasa kalafati yangu, iliyokuwa imevimba na kukaza, akaniangalia kama mtu aliyepewa mtoto ampakate.

Kikaja kiangazi. Kwa miezi mitano mto ulikuwa wa kuvukwa na kuku.

Novemba, asubuhi baada ya mvua kubwa, Didas alisimamisha gari nje kwangu, masanduku ya dawa yamejaa nyuma. Nilikuwa nanyoa ndevu na nilishachelewa ofisini. Akaniita dirishani.

"Bwana, njoo uitazame kalafati yako kabla sijaondoka."

"Kalafati yangu haivuji," nikamwambia. "Nenda zako."

Akacheka, akaenda zake.

Injini ilizimika katikati ya mto. Alishuka kutazama, maji yakamchukua. Walimpata siku ya pili, kwenye mikoko.

Gari lilipovutwa nchi kavu niliwahi kufunua boneti. Pamba ilikuwa imesinyaa kwa jua na joto la injini, sehemu moja imeachia kabisa, inaning'inia. Mtoto yeyote wa fundi wa mashua anajua kwamba chombo kilichokaa bandani kiangazi kizima hakishushwi majini hadi kizibwe upya. Baba alinifundisha nikiwa na miaka tisa. Niliichomoa pamba ile yote, nikaitia mfukoni kabla wengine hawajafika.

Januari mkewe, Jovina, alirudi kwao. Nilimsindikiza stesheni, nikampandishia mizigo. Akiwa ndani ya behewa aliinama dirishani.

"Shemeji, asubuhi ile aliniambia anapita kwako mlitazame lile bomba. Mlilitazama?"

"Tulilitazama."

"Basi," alisema. "Nilitaka kujua tu."

Akaegemea kiti, akafumba macho, na treni ikaondoka.

Bomba nililiomba kwa mafundi lilipofunguliwa, pamoja na kipande cha mpira. Kila mwaka kabla ya vuli nachomoa pamba ya zamani, nasokota mpya, naichovya katika mafuta, naishindilia. Kisha naziba upande wa mpira kwa kiganja, napuliza mdomoni kwa nguvu zangu zote, na kupapasa kiungo. Haivuji. Nalirudisha ukutani. Siku mbili tatu baadaye mvua inakuja na upepo wake, bomba linavuta pumzi, nami nakaa ndani kulisubiri lile neno.