Moto Chini ya Kifuniko

Kwenye karakana yetu jeneza halitoki mlangoni mpaka mtu aliye hai alale ndani yake kwanza. Kunjeni uso mtakavyo. Hata mke wangu alikunja uso mwaka tuliooana, na yeye ndiye binti wa mwenye karakana. Sababu ni ya kifundi tu. Jeneza likitoa mlio mbele ya wafiwa, watu hutimua mbio, na fundi hukosa pa kuficha uso. Baba mkwe wangu, aliyenifundisha kazi, aliwahi kuona wabebaji sita wakimwachia marehemu chini kwa sababu ya kiungo kimoja kilichokosa gundi. Tangu siku hiyo akaweka sheria. Mmoja analala ndani, kifuniko kinawekwa, mwenzake anahesabu kwa sauti mpaka mia, na wa ndani anajigeuzageuza huku akisikiliza kila kona. Mia ikifika, wa ndani anagonga mara mbili, anafunguliwa. Kabla ya mia hapafunguliwi, kwa sababu kiungo kibovu kina tabia ya kulia mwishoni.

Vanishi tuliyopaka asubuhi ilikuwa inakauka saa saba, na wateja walikuja saa tisa. Kwa hiyo tulikula saa saba, na saa saba na nusu, midomo bado ina mafuta, mmoja wetu alikuwa ameshalala chali. Leo zamu yangu, kesho zamu yake. Miaka kumi na moja sikuona tatizo lolote, ila usingizi wa shibe.

Mwaka wa kumi na mbili moto ukaanza.

Mara ya kwanza baba mkwe alikuwa amehesabu mpaka arobaini na kitu. Giza lilikuwa totoro, harufu ya vanishi puani, na sauti yake nje ikihesabu bila haraka. Nikasikia kitu kinapanda kutoka chembe cha moyo. Kilipanda polepole kikiniunguza, kikafika kooni, kikaniachia maji machungu mdomoni. Nilitaka kuinuka nikagonga kipaji cha uso kwenye kifuniko. Aliponifungua nilikunywa maji kopo zima nikiwa nimesimama, na moto ukatulia.

Jeneza lile lilikuwa la mwalimu mstaafu. Mwanawe alipokuja kulichukua nilimuuliza, kwa sauti ya kutoa pole, mzee alisumbuliwa na nini.

"Kifua," akasema.

Nywele zilinisimama. Zamu yangu iliyofuata jeneza lilikuwa la mama mwenye duka la vitambaa. Moto ukapanda vilevile. Nikauliza: kifua. La tatu lilikuwa la dereva wa lori, nikaambiwa ajali, nikashusha pumzi, mpaka shemeji yake alipoongeza kwamba usukani ndio uliomponda kifua. Basi nikaamini. Nilisema moyoni kwamba majeneza yananionjesha kifo cha wenyewe, na siku moja litafika langu na moto hautazimika. Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani neno kama hilo bila kuchekwa? Nikawa siwezi kula kwa utulivu, usiku nakaa kitandani kifua kikiwaka, na wateja wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni kwa jinsi nilivyowahoji.

Kisha likaja agizo kwenye karatasi iliyokunjwa. Urefu mita moja na sentimita sabini na tatu. Mabega sentimita arobaini na saba. Nilijipima mara mbili kwa futi yangu mwenyewe, na vyote vilikuwa vyangu. Nilichonga mbao zile, na siku ya kulala ilikuwa zamu yangu. Nililala, mabega yakagusa pande zote mbili, kifuniko kikashuka, na moto uliopanda siku hiyo ulinitoa machozi. Nilivunja sheria ya miaka yote. Niligonga kwenye ishirini na tisa nikapiga kelele nifunguliwe.

"Mwanangu, una nini?" baba mkwe akaniuliza, huku akinishika kwapani nitoke.

"Nakufa, Baba."

"Hufi. Una kiungulia. Hata mimi kinanijia." Akatoa mfukoni vidonge vya kutafuna, akanipa viwili.

Sikuamini vidonge. Nilikwenda kwa dada yangu mkubwa, muuguzi wa miaka ishirini, mwanamke asiyejua kubembeleza. Nilimweleza yote: mwalimu, mama wa vitambaa, dereva, vipimo vyangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Unakula nini mchana?"

"Viazi vya kukaanga. Nyama. Kahawa."

"Kiasi gani?"

"Cha mtu anayefanya kazi."

"Halafu?"

"Halafu nalala kwenye jeneza."

Alicheka mpaka akashika ubavu, akafuta machozi kwa kona ya kanga, akacheka tena. Mimi nilikaa pale nimenuna. Alipopata pumzi akachukua chupa ya maji iliyojaa nusu, bila kizibo, akaisimamisha mezani.

"Ona. Hili ni tumbo lako. Pale juu, umio unapoingia tumboni, pana msuli unaofunga na kufungua. Ukisimama, vilivyomo vinakaa chini kwa uzito wake." Akailaza chupa, maji yakamwagika mezani mpaka magotini kwangu. "Ukishiba mafuta na kahawa, ule msuli unalegea. Ukilala chali, asidi ya tumbo inapanda. Umio haukuumbwa kwa asidi, kwa hiyo unaungua. Wafu wa watu hawana habari na wewe, mdogo wangu."

Sijawahi kupenda kutukanwa kama siku ile. Akaniambia nile kidogo kidogo, nipunguze vya kukaanga na kahawa, nilegeze mkanda, na baada ya kula nikae saa mbili au tatu kabla ya kulala popote, pawe kitandani au kwenye jeneza. Nyumbani nisirundike mito, maana mito hukunja tumbo. Niinue miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa vipande vya mbao, kimo cha shubiri moja. Kiungulia kikiendelea wiki mbili tatu, au nikashindwa kumeza, nirudi nikapimwe.

Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja. Akanikamata shati.

"Sijamaliza. Kifua kikibana kama umekaliwa, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, jasho baridi likakutoka, ukakosa pumzi, au kikakujia unapofanya kazi nzito na kutulia ukipumzika, hicho si kiungulia. Huo ni moyo. Hapo hakuna kusubiri hata dakika moja, unakimbizwa hospitali. Umesikia?"

"Nimesikia, dada." Na nilikuwa nimesikia. Ila nilikuwa natafuta kiatu cha pili.

Tulihamisha shughuli. Vanishi tukaipaka jioni, na kulala ndani kukawa saa sita, kabla ya chakula. Moto ulikoma ndani ya wiki moja. Nilikuwa nalala mle gizani kifua kimetulia kabisa, na nikaona aibu kwa woga wangu. Nikawa daktari wa karakana. Kila aliyeingia nilimuuliza anakula nini na analala lini. Baba mkwe alinisikiliza akicheka, na siku moja akaniambia kwamba kiungulia chake yeye kimebadilika kidogo. Siku hizi kinamkamata akipandisha mbao kutoka getini. Anasimama kidogo, kinapita.

"Si unainama ukibeba?" nikamwambia. "Ukiinama tumbo linakunjwa, asidi inapanda. Kiungulia hicho, Baba."

"Na huku kwenye taya?"

"Asidi ikifika kooni inauma mpaka huko."

Nilimchongea vipande viwili vya mbao ngumu, nikavipiga msasa vizuri, nikaenda mwenyewe kuinua kitanda chake. Mke wangu alifurahi sana. Alisema sijawahi kumfanyia baba yake jambo zuri kama lile.

Siku yenyewe ilikuwa zamu ya mzee. Hakuwa amekula chochote tangu asubuhi, kwa kufuata masharti yangu. Alipanda kwenye benchi taratibu, akajilaza, akavuka mikono, akanikonyeza. Nikaweka kifuniko, nikaanza kuhesabu.

Kwenye hamsini na nane nikasikia mlio. Mdogo, wa mbao, upande wa mabega. Nilikasirika, maana kiungo kile nilikitia gundi mimi. Niliinama nikaweka sikio kwenye ubao huku nikiendelea. Sitini. Sitini na moja. Mlio ukahama, ukaja karibu na kichwa, kisha ukawa wa kukwaruza. Nikajiuliza ni skrubu gani inayokwaruza hivyo. Sabini. Sabini na mbili. Chini ya sikio langu, nyuma ya ubao wa unene wa kidole, palikuwa na pumzi. Ilikuwa inakuja kwa vipande vipande, na baada ya kila kipande palikuwa kimya kwa muda uliozidi kipimo. Mkono wangu ulikuwa juu ya kifuniko. Sheria inasema mpaka mia, na mwenye sheria ndiye aliyekuwa ndani. Nikahesabu. Naapa nilihesabu haraka, lakini nilihesabu yote, themanini zote, tisini zote, mpaka mia.

Hakugonga.

Nilipofungua, macho yalikuwa wazi yakinitazama. Uso ulikuwa na rangi ya majivu, shati limelowa jasho, na jasho lenyewe lilikuwa la baridi. Mkono wa kushoto ameukunja kifuani. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimejaa vanishi.

"Kiungulia," akasema kwa shida. "Umesema... kiungulia."

Kila neno la dada yangu lilinirudia pale pale kwa mpangilio wake, kubana, taya, jasho, pumzi, kazi nzito. Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye pikapu ya kupelekea majeneza, nikamkalisha kiti cha mbele, nikaendesha nimewasha taa zote. Getini hospitalini mlinzi aliona maandishi ya ubavuni mwa gari akaninyooshea kidole kule nyuma, chumba cha maiti. Nilimtukana tusi ambalo sitaliandika hapa.

Baba mkwe alipona. Nalisema mapema nisiwaweke roho juu. Alikaa wodini siku tisa, na leo anashinda kwenye kiti cha kuegemea akizikosoa kazi zangu, ila hawezi kuinua hata ubao wa kifuniko, kwa sababu sehemu ya moyo wake ilikufa. Lakini siku ile kwenye korido tulikuwa hatujui chochote. Mke wangu alifika akihema, nyuzi za satini bado zimemganda kwenye gauni, maana yeye ndiye hutushonea vitambaa vya ndani vinavyotiwa mwisho. Mlinzi alikuwa ameshamsimulia jinsi nilivyoingia na baba yake mgongoni. Aliniwekea mkono begani.

"Umemwokoa baba yangu," akasema, akaanza kulia.

Daktari akatoka na faili. Alikuwa na haraka.

"Nataka kujua maumivu yalianza lini. Inatusaidia kujua cha kumpa."

"Leo," mke wangu akajibu. "Yameanza leo, daktari. Mume wangu alikuwepo."

Daktari akainamisha kichwa akaandika. Ningeweza kunyamaza. Nafasi ilikuwepo, na mkono ulikuwa bado begani kwangu, una joto.

"Si leo," nikasema. "Wiki mbili. Akibeba mbao, na kwenye taya. Aliniambia. Nikamwambia ni kiungulia."

Daktari akainua macho. Mke wangu akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Ulikuwa hujui?"

"Dada alikuwa ameniambia yote."

Mkono ukatoka begani. Daktari akakata neno alilokuwa ameandika, akaandika jingine juu yake, na mke wangu akaenda kusimama upande wa pili wa korido.