Ile ya Studio na Ile ya Jukwaani

Ugonjwa ulimkuta Niyibizi mezani, saa mbili ya asubuhi, ameshika kijiko cha sukari. Mkewe Dancille alikuwa amempa kisogo, anamimina chai. Alisikia kijiko kikianguka, akageuka, akaona mdomo wa bwana yake umekwenda upande na mkono wa kuume unaning'inia.

"Papa Alliance? Nini?"

"Lundi," alijibu Niyibizi.

Lundi ni Jumatatu kwa Kifaransa, na siku ile ilikuwa Alhamisi.

Alilala hospitali wiki tatu. Aliporudishwa nyumbani, pale Majengo, mtaa wa Goma, mguu ulikuwa umeanza kukubali kidogo na mdomo umerudi karibu na mahali pake, lakini katika maneno yote aliyoyakusanya kwa miaka sitini na sita alikuwa amebaki na hilo moja. Ukimuuliza kama ana njaa, lundi. Ukimuuliza kama anaumwa, lundi, na machozi yanamlengalenga. Daktari alimweleza Dancille kwamba mshipa umeziba kichwani, upande wa maneno. Akili iko, alisema, na mengi anayasikia. Ila kuyatoa ndiko kumeshindikana. Hata kichwa alikitikisa vilevile kwa ndiyo na kwa hapana, kwa hiyo kumuuliza chochote ilikuwa kama kurusha jiwe ziwani.

Dancille alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Watoto wa nusu ya mtaa ule walijifunza kusoma mbele yake. Alikata makaratasi, akachora maji, sahani, choo, kitanda, akamwekea bwana yake magotini. Niyibizi aliyaangalia moja moja kwa adabu, kisha akayapanga vizuri na kumrudishia.

Mara mbili kwa wiki alikuja Rosine, yule kiné wa kumnyoosha mkono na mguu. Alikuwa dada mwenye maneno machache. Siku moja, akiwa anakunja vidole vya mgonjwa, aliuliza:

"Mama, muzee alikuwa anaimbaka?"

Dancille alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kile kijiko.

"Unamuuliza Niyibizi kama aliimbaka? Mutoto wangu, wewe ulizaliwa wapi?"

Akamsimulia. Zamani, wakati nchi bado inaitwa Zaïre, vijana wanne wa Goma walitengeneza bendi ya roki, magitaa ya umeme na nywele kubwa, wakajiita Lava Nyeusi. Niyibizi alikuwa gitaa na sauti. Mwaka themanini na mbili walipanda lori mpaka Nairobi, wakarekodi wimbo mmoja juu ya mji wa jirani, "Nitashuka Sake", ukaingia kwenye diski, na diski ikaingia kila nyumba yenye umeme kutoka Rutshuru mpaka Bukavu. Mpaka leo redio za mji ziliupiga Jumapili. Dancille mwenyewe aliusikia akiwa msichana, kwao Rutshuru, kwenye redio ya mjomba wake, akampenda yule mwimbaji kabla hajamjua uso. Miaka mitatu baadaye walipokutana kwenye arusi ya mtu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Ni wewe ile sauti?" Naye akajibu, "Ndiyo."

"Basi tumuwekee," alisema Rosine. "Kuna watu hawawezi kusema lakini wanaweza kuimba. Wimbo unakaa upande mwingine wa kichwa. Niliona hiyo kwa macho yangu."

Dancille alitafuta wimbo kwenye simu, akaiweka juu ya mto. Ngoma ikaanza taratibu, gitaa likaingia safi kama maji ya kuchuja, kisha ile sauti: *Mama, usifunge mlango, mimi nitashuka Sake.* Dancille alifumba macho kidogo, kama alivyofanya siku zote. Alipoyafumbua, Niyibizi alikuwa ameisukuma simu kwa mkono mzima, imeanguka sakafuni inaendelea kuimba, naye amegeukia ukuta.

Walijaribu tena kesho yake na keshokutwa. Kila mara aligeukia ukuta. Rosine alisema pengine muziki unamuumiza, wamwache kwanza.

Alliance, binti yao anayeishi Kampala, aliposikia habari hiyo kwenye simu alisema, "Mama, kuna ingine. Mutu mmoja anakusanya makaseti ya zamani, aliweka kwenye internet onyesho lao la Goma, ya mwaka themanini na tatu. Nakutumia."

Ilifika jioni hiyohiyo. Ilikuwa dakika tisa. Ilianza na fujo: mtu anakohoa karibu kabisa, mwingine anaita jina la Twagirimana mpiga ngoma, kiti kinaburutwa. Kisha ngoma zikaja mbio, kasi mara mbili ya ile ya diski, na gitaa linakwaruza. Dancille alikaa karibu, mkono tayari kuikamata simu isije ikatupwa.

Niyibizi hakuitupa. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kugonga blanketi. Akafungua mdomo, na kabla Dancille hajaelewa kinachotokea, bwana yake alikuwa anaimba. *Mama, usifunge mlango.* Neno kwa neno, beti kwa beti. Katikati ya wimbo, umeme wa ukumbini ulikatika. Gitaa likafa, watu wakaendelea peke yao gizani mpaka jenereta ikawaka. Niyibizi aliimba pamoja na wale watu, akanyamaza pale aliponyamaza zamani, akacheka pale alipocheka zamani. Dancille alikuwa amesimama, mikono kichwani, analia kwa furaha.

Wimbo ulipokwisha alipiga magoti mbele yake. "Papa Alliance! Sema kitu. Unataka maji? Sema maji."

Akamwangalia kwa bidii yote. Shingo ikamtoka mishipa.

"Lundi," akasema.

Wakawa hivyo mwezi mzima. Rosine alichukua muziki wa wimbo akaweka maneno ya nyumbani ndani yake. Akamshika mkono, akagonga naye mapigo, akaimba, *Mama, nipe maji.* Niyibizi alianza naye vizuri, *Mama*, halafu neno linalofuata likamponyoka na kurudi kwenye njia yake ya zamani, *usifunge mlango*. Waliirudia mara arobaini. Mwisho Rosine mwenyewe alitoka nje kusimama kidogo barazani.

Dancille alishikwa na swali lingine. Wimbo ni uleule, maneno ni yaleyale; kwa nini huu anauimba na ule anauogopa? Akiwa mwalimu, alichukua daftari. Mgonjwa akilala mchana, alikwenda jikoni na kusikiliza ya studio, kisha ya jukwaani, kisha ya studio tena, kalamu mkononi. Mwanzoni aliandika mambo ya wazi: kasi, makelele, ubeti wa tatu ambao kwenye diski haupo. Kisha akaanza kusikia mambo madogo. Ya jukwaani, mwimbaji alivuta pumzi kabla ya neno "mlango", mara zote, kama mtu anayepanda ngazi. Ya studio, mwimbaji aliipita "mlango" bila kupumua na kuvuta pumzi mbali kule mbele. Ya jukwaani, "Sake" ilikuwa fupi, kama wanavyoitamka watu wa kwao. Ya studio ilikuwa ndefu, tamu, inateleza.

Alikuwa amefundisha watoto elfu kusoma kwa sauti. Alijua kwamba mtu anaweza kubadili nguo na hata jina, lakini pale anapovuta pumzi hapabadiliki kirahisi. Akafunga daftari. Siku mbili hakulifungua.

Siku ya tatu alimwomba Rosine akae na mgonjwa, akapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Munigi. Huko ndiko aliishi Twagirimana, mpiga ngoma, wa mwisho wa Lava Nyeusi aliyekuwa bado na uwezo wa kusema. Alimkuta nje ya nyumba yake ya mbao, juu ya ule mwamba mweusi wa volkano, anachambua maharagwe na mjukuu wake. Waliulizana habari za watoto na za ugonjwa. Kisha Dancille akatoa simu, akapiga nusu dakika ya ile ya studio.

"Muzee, niambie tu. Ni nani anaimba hapo?"

Twagirimana hakushtuka. Alimtuma mjukuu ndani, akaendelea kuchambua maharagwe mpaka ungo ukaisha.

"Hakukuambiaka mpaka leo?"

"Hakuniambiaka."

"Ni Nsanzimana. Ule wa besi." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Tulifika Nairobi, Niyibizi akashikwa na malaria. Sauti ikaisha kabisa. Studio walitupatia asubuhi moja tu, haiko hata siku nzima. Mwenye studio alisema, nani mwingine anajua maneno? Nsanzimana akaimba. Tulisema tutarudi, tutaimba upya. Tulirudi na nini? Kwenye karatasi ya diski walikuwa wamekwisha kuandika Niyibizi, na picha yake. Watu wakaanza kumsalimia barabarani. Mara ya kwanza alikataa, nilimusikia na masikio yangu. Mara ya kumi akanyamaza."

"Na Nsanzimana?"

"Nsanzimana alichekaka. Alikufa mwaka tisini na moja, bado anacheka." Akamwangalia Dancille, akaondoa macho. "Siku Niyibizi alikuja kunipasha habari yako, alikaa pale nyumbani kwetu ya zamani, hakukunywa kitu. Alisema, 'Ile binti anapenda sauti ya Nsanzimana.' Nikamwambia, mwambie. Akasema, 'Nitamwambia arusi ikiisha.'"

Dancille alishukuru, akapewa maharagwe kidogo kwenye mfuko, akarudi. Njiani, nyuma ya mwenye moto, vumbi linampiga machoni, aliwaza maneno ya kumwambia bwana yake. Miaka thelathini na minane! Kila mwaka wa ndoa, siku ya ukumbusho, yeye ndiye aliyeuweka ule wimbo, akamwekea kichwa begani na kumwambia, "Sauti hii ndiyo iliniiba kwetu." Na bwana yake alisimama pale, akamshika mgongo, akacheza. Alipoombwa aimbe arusini kwa watu alisema koo linamuuma. Kanisani alijificha kwenye kwaya, safu ya nyuma. Dancille alidhani ni unyenyekevu. Alikuwa hata amewasifia wenzake ule unyenyekevu.

Kulikuwa na jambo moja baya zaidi, na hakuweza kulikimbia. Alipokuwa akizisikiliza zote mbili jikoni, ile ya studio ndiyo iliyompendeza. Bado. Ya jukwaani ilikuwa ya bwana yake, yenye kukwaruza, yenye kupitiliza noti; aliisikiliza kwa huruma, na nyingine aliisikiliza kwa moyo. Sikio lake halikujali amejua nini.

Alimkuta Niyibizi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Rosine alipoondoka, alivuta stuli, akamshika mkono mzima.

"Nilitoka kwa Twagirimana. Aliniambia habari ya Nairobi. Habari ya Nsanzimana."

Niyibizi aliondoa macho dirishani.

"Haiko kitu. Unanisikia? Mimi sikuolewa na diski. Ni wewe ulibebaka Alliance mgongoni usiku ule tulikimbia volkano. Ni wewe ulijenga hii nyumba mara mbili. Haiko kitu, Papa Alliance."

Nusu moja ya uso ilianza kulia. Nyingine ilibaki imetulia tu, kama ya mtu aliyekaa mbali. Alifungua mdomo, neno lake likatoka, akalikataa kwa mkono, likatoka tena.

"Unafurahi kwamba nimejua?"

Alitikisa kichwa.

"Ao umekasirika juu nilikwenda kuuliza?"

Alitikisa kichwa vilevile.

Dancille alimfuta machozi kwa kitenge. Alikuwa amemnyang'anya siri yake pekee wakati hawezi kujitetea, au alikuwa amemtua mzigo; moja kati ya hayo lilikuwa kweli, na aliyejua ni lipi alikuwa amekaa mbele yake. Alijaribu kumwekea ile ya jukwaani ili aimbe. Niyibizi hakuimba siku ile. Aliimba wiki iliyofuata, nusu, akaacha kwenye giza la jenereta.

Mwezi wa nane, Jumapili mchana baada ya misa, Jephté wa nyumba ya pili, fundi wa pikipiki, alinunua spika mpya. Dancille alikuwa anamnyoa bwana yake ndevu waliposikia ngoma ikianza, taratibu, safi, kubwa kuliko mtaa. Wembe ukasimama hewani. Alitoka mbio na sabuni mikononi.

"Jephté! Tafadhali, punguza."

Jephté alikuwa ameigeuza spika makusudi, mdomo wake unaelekea dirisha lao. Alikuwa anatabasamu. "Mama, ni zawadi ya muzee! Asikie kwamba mtaa haujamusahau. Ni sauti yake hii!"

Majirani walikuwa wamekwisha kutoka milangoni. Akina mama waliacha masufuria. Mtu alipiga makofi, na mwingine akaita, "Niyibizi! Niyibizi!" Walikuwa wanaimba wote, wanaangalia dirisha, nyuso zimejaa upendo.

Dancille alifungua mdomo. Kusema alikuwa na uwezo wa kusema, maneno yote anayo. Lakini hilo halikuwa lake kulitoa. "Muzee amechoka," ndiyo pekee aliyoweza, na hakuna aliyemsikia. Jephté alimwonyesha dole gumba, akaongeza kidogo.

Alirudi ndani. Nyumba ilikuwa ya mbao. Kufunga dirisha hakukupunguza kitu. Niyibizi alikuwa amekaa vilevile, shavu moja jeupe kwa povu, na hakuwa na ukuta wa kugeukia, kwa maana wimbo ulitoka kila upande. Dancille alisimama nyuma ya kiti, akampangusa sabuni masikioni kwa kitenge, akayaziba kwa viganja vyake viwili, akabana kwa nguvu. Yeye mwenyewe hakuwa na wa kumziba. Wimbo ule una dakika tatu na nusu. Alingoja uishe.