Bipu ya Kanzenze

Modemu ya Kanzenze ilikula vocha kama mtoto anayekua. Kanzenze ni kituo cha kupimia viazi vya ushirika wetu, huko juu ambako nyaya za intaneti hazijafika, na kila siku kilipiga simu ofisi kuu Gisenyi kutuma uzito wa mizigo na majina ya wakulima. Mkurugenzi wetu, Sebagabo, alishaamua: gharama isiposhuka mwezi huu, kituo kinafungwa, na karani wake, Mama Mukamusoni, anarudi nyumbani. Watoto wake watatu wanasoma kwa mshahara ule.

Mimi Karekezi, fundi niliyesomea Dar es Salaam na sikosi kuwakumbusha watu, nilipanda huko na maneno mengi: minara, antena, mkopo. Mukamusoni alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Ndipo akauliza kwa nini mashine isifanye kama yeye.

"Mi nikikosa unité, nabipu tu," alisema. "Mwenye iko na forfait anarudisha. Modemu ibipu Gisenyi, bureau irudishe."

Niliona aibu, kisha raha. Ofisi kuu ina kifurushi cha mwezi, inapiga simu itakavyo. Siku hiyo hiyo nilishuka, nikaipanga modemu ya Gisenyi isipokee simu ya Kanzenze, bali iikate halafu ipige yenyewe. Taarifa zote zilipita, na salio la Kanzenze halikuguswa.

Kikaoni Sebagabo alinisifu sana, nami nikazimeza sifa zote bila kumtaja mtu. Kisha akasema kituo kitabaki, ila huko atampeleka Kenny, kijana aliyetoka chuoni juzi na anayejua mashine. Yule mama, alisema, anajua mizani tu.

Wakati huo huo simu yangu ikalia mara moja mezani, ikakatika. Alikuwa Mukamusoni, anataka kujua hatima yake. Ningeweza kuigeuza kifudifudi, na nakiri nilifikiria hivyo. Nikampigia, nikaweka spika, nikamwomba amweleze mkurugenzi wazo lake la bipu.



"Lakini fundi," alisema polepole, "mi nilizani ulisha muambia."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Sebagabo aliivuta simu upande wake, akamuuliza Mukamusoni kama ataweza kuwafundisha na wale wa kituo chetu kingine cha Nyakiriba. Mimi nilipewa kazi ya kuandika majibu yake.