Mlango wa Pomboo

Wewe uliona. Usinikunjie uso. Picha ilikuwa ukutani, pale kwenye chumba cha kukatia tiketi, juu ya benchi la kusubiria: pomboo saba wamebanana kama watu kwenye lifti, na nyuma yao ubavu wa boti, karibu kiasi cha kusoma namba yake. Hukujiuliza wanyama wenye bahari nzima wamebanwa na nini. Ulisema "jamani, wazuri!", ukafunga jaketi lako la kujiokolea, ukatazama kwingine.

Basi sikiliza habari za aliyewabana wale pomboo.

Wenzake humwita Mama Usukani. Miaka kumi na mmoja iliyopita, yeye ndiye aliyebuni "mlango": boti mbili zinawaswaga pomboo kwa kelele za injini, ya tatu inakatiza mbele na kuwafungia njia. Wageni wanashangilia, kazi imekwisha. Siku ya kwanza bosi alimpa mkono mbele ya manahodha wote, naye akatembea kifua mbele wiki nzima. Leo akikumbuka anatamani kuingia uvunguni.

Maana mwaka wa nne, mtoto wa pomboo aliibuka kuvuta pumzi palepale panga la injini lilipokuwa likizunguka. Walipofika gatini, meneja alikuwa na karatasi ya tukio, imeshajazwa: alinaswa na nyavu. Mama Usukani alikuwa na watoto watatu na leseni moja. Alitia sahihi. Amelala na uongo huo miaka saba.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi mambo yalikwenda kama yalivyokwenda.

Alikuwa na abiria sita: mwalimu mstaafu mwenye darubini shingoni, fundi cherehani na mumewe, na mama mmoja na binti zake wawili wakubwa. Walishaona kasa, walishaona ndege aina ya membe wakigombana juu ya mwamba. Redio ikakoroma. Ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, nahodha wa boti ya pili.

"Shemeji! Tisa hao wanakuja kwako, na mmoja ana kichanga. Funga mlango, wageni wangu wameanza kupiga miayo."

"Kichanga cha siku ngapi?"

"Kwani mimi mkunga? Funga mlango, bwana!"

Akawaona. Mtoto bado alikuwa na mikunjo ubavuni, kama nguo iliyotoka sandukuni leo hii. Kila kelele zilipozidi, mama yake alizama. Mtoto alizama naye, kisha pumzi ikamwishia, akarudi juu peke yake, katikati ya boti mbili. Mkono wa Mama Usukani ulishaanza kukata kona wenyewe, kwa mazoea. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha akazima injini.

"Imekufa?" aliuliza mume wa fundi.

"Haijafa. Nimeizima."

"Sasa dada, tutaonaje?"

"Kaa hivyohivyo, kaka. Wakitaka kuja, watakuja. Wasipotaka, hapa ni kwao."

Redio ikapasuka. "Wewe! Unawaachia! Umesinzia?"

"Niko macho kuliko wewe. Zima na yako."

"Nizime, nimerogwa?"

Pomboo wakapita pale palipotakiwa kufungwa, mmoja mmoja, mama wa mwisho, mtoto amemganda ubavuni. Hawakuruka, hawakucheza. Migongo tu, basi, wakatokomea.

Fundi cherehani akaangua kicheko. "Wametupita kama mawifi walionuniana!"

Mwalimu hakucheka. Alishusha darubini. "Huo mlango mnaufunga kila siku?"

"Kila siku, mwalimu. Jumapili mara mbili."

Ofisini, meneja alikuwa ameshaiweka karatasi mezani, feni ikiipeperusha ncha. "Injini ilizima yenyewe. Saini hapa, kesho asubuhi uko kazini. Nakusaidia, dada yangu."

"Injini ilifanyiwa matengenezo Jumatatu. Haina hata kikohozi."

"Nani atajua?"

"Mimi sijatosha?"

Alichukua kalamu ya meneja, akakata mstari juu ya maneno yake, akaandika kwa herufi kubwa: NILIIZIMA MIMI. MLANGO NILIUBUNI MIMI NA SIUFUNGI TENA. YULE MTOTO WA MIAKA SABA ILIYOPITA HAKUNASWA NA NYAVU. Hapo ndipo akatia sahihi.

"Unajua unachoandika? Leseni yako hiyo inakwenda."

"Kalamu yako nzuri, meneja. Haikwami."

Shemeji alimngoja nje, kofia mkononi. "Umetuponza sote. Kaka nitamwambia nini?"

"Mwambie mkewe ana akili timamu. Na wewe ukiulizwa, sema ulichokiona. La sivyo, kwangu usije tena kupakua chakula kana kwamba sufuria ni lako."

Shemeji alivaa kofia yake, akaenda zake. Mpaka leo hajasema ndiyo wala hapana.

Kikao cha leseni yake ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Kampuni inapeleka manahodha wawili waape kwamba mlango haujawahi kuwepo, kwamba mwanamke amechanganyikiwa. Upande wake yupo mwalimu, basi. Mwalimu mmoja na darubini yake, na wakimwambia uzee umemchezea macho?

Wewe ulipanda boti hizo. Ulikaa ubavuni, ulisikia redio ikisema "funga", uliona pomboo wakizunguka bila pa kutokea. Usiniambie hujui kuandika barua. Hata mimi, haya ninayokuandikia sikufundishwa na mtu. Inuka. Tafuta karatasi. Andika tarehe uliyosafiri, boti uliyopanda na ulichokiona kwa macho yako, weka jina lako kamili, uipeleke ofisi ya leseni mwenyewe kabla ya Alhamisi. Wakikwambia subiri, simama hapohapo mpaka waipige muhuri. Anza sasa hivi.