Reki Haiburutwi

Alhamisi, saa kumi na moja na robo jioni, watu wa kikosi cha lami walipanga foleni mbele ya pipa la dizeli ili waoshe vifaa vyao, na pipa likakutwa tupu. Nyapara alilipiga teke kuhakikisha. Lilikuwa tupu kweli. Akasema ofisi imebana matumizi, kila mtu ajue la kufanya na chombo chake.

Kila kazi ina miiko yake. Lami ya moto hung'ang'ania chuma, kwa hiyo kila jioni mabeleshi na reki hufutwa kwa tambara lililolowa dizeli, kisha mwenye reki huitia begani na kwenda zake. Reki haiburutwi. Wazee wa kazi walisema hivyo bila kueleza kwa nini, na waliowafuata waliitikia bila kuuliza, maana kuibeba ilikuwa rahisi kuliko kubishana na wazee wale.

Mwenye reki alikuwa na miaka kumi na moja nyuma ya mashine ya kumwaga lami. Kazi yake ilikuwa kusawazisha kingo na kujaza palipopelea, na mkono wake ulijulikana: alipopita yeye, maji ya mvua hayakupata pa kutuama. Lakini jioni ile bega la kulia lilikuwa linamuuma, na akili yake haikuwa kwenye reki. Ilikuwa kwenye mashine mpya. Habari zilisema iko njiani, kwamba inamwaga, inasawazisha na kushindilia yenyewe, na inahitaji watu wawili tu, mmoja wa kuiendesha na mwingine wa kumchunga huyo asisinzie. Kikosi kilikuwa na watu ishirini na watatu. Wiki ya pili sasa alikuwa akitoa mbili kwenye ishirini na tatu kila alipolala na kila alipoamka, na jibu halikubadilika.

Kwa hiyo aliiburuta reki, meno yake yakiwa bado yamebeba lami, kilomita mbili mpaka nyumbani.

Barabara ilifika jua likizama, watu wakiwa wanakula. Mke wake alisikia kitu kikichakarika nje, akafungua mlango, akasimama hapo na bakuli mkononi.

"Kuna barabara hapa nje," alisema.

"Ya wapi?"

"Yenu. Inanuka kama mashati yako."

Mwenye reki alitoka kuiangalia. Ilikuwa imejibana kupita uchochoroni, ikaja kuishia kwenye kizingiti, na bado ilikuwa na joto. Kingo zake zilikuwa zimenyooka. Mtu hakosei mkono wake mwenyewe. Mke alisema haina neno, bora isikae pale anapowekea beseni la kufulia, na barabara ikasogea kidogo.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye aliishi nyumba ya tatu kutoka hapo na alikuwa dereva wa rola, alikuja na taa. Alichuchumaa, akabandua ukingo kwa kucha, akapima.

"Kidole kimoja," alisema. "Na hicho kidole chenyewe cha mtoto."

Kwenye mchoro uliobandikwa ofisini, lami ilitakiwa iwe na unene wa vidole vinne. Kazini waliimwaga vidole viwili, isipokuwa kwenye miduara ya chaki. Mkaguzi alipokuja kutoboa ili apime unene, alitoboa kwenye chaki tu, na chaki ilichorwa na nyapara siku moja kabla. Hapo walimwaga vinne kamili, na shemeji alipitisha rola mara sita kwa heshima zote. Kila mtu alilijua hilo na kila mtu alikuwa na watoto. Sasa lami ile ya vidole viwili ilikuwa imevutwa kilomita mbili zaidi bila kuongezwa hata koleo moja.

"Kesho watanifukuza," mwenye reki alisema.

"Kwa barabara? Hukuiba. Imekufuata yenyewe," shemeji alisema, lakini hakumtazama usoni.

Asubuhi mhandisi alikuja na gari lake juu ya lami ile mpaka mlangoni. Alishuka na gurudumu la kupimia, akaangalia namba, akaiangalia tena. Kisha akauliza ni nani aliyeburuta.

"Ni mimi, bosi. Nisamehe. Bega lilikuwa linauma, na dizeli..."

"Linauma upande gani?"

"Wa kulia."

"Basi tumia la kushoto," mhandisi alisema. "Leo unaanzia kule kazini tulipoishia, unaelekea mji wa pili. Taratibu. Usiifute reki."

Siku hiyo hiyo mashine mpya ilirudishwa kabla haijashushwa. Mwenye reki alipata habari hizo saa nne asubuhi, na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili alivuta pumzi ikafika chini. Alitaka kumtafuta shemeji yake amwambie kwamba wameokoka. Saa sita nyapara alipanda juu ya lile pipa tupu, akasoma majina ishirini na mawili. Alianza na dereva wa rola, kwa kuwa barabara inayotembea yenyewe hujishindilia yenyewe. Waliotajwa walivua vizibao vyao vya rangi ya machungwa, wakavikunja, wakaviweka chini kwa mstari ulionyooka, kama walivyozoea kufanya kila kitu.

Miaka kumi na moja iliyopita, mwenye reki alikuwa kijana asiye na kazi aliyetaka kuoa. Familia ya binti ilimwambia akatafute kwanza mikono yake ilipo. Aliyemtafutia kazi ni huyu shemeji. Alimpeleka kwa nyapara, akasema, "Huyu ni wangu, akiharibu nikateni mimi." Hakuharibu. Mambo hayo hayakuwahi kutajwa tena kati yao, na ndiyo sababu yalikuwa mazito.

Jioni walikaa kwenye kizingiti, miguu juu ya lami.

"Kesho naitia begani," mwenye reki alisema. "Naifuta kwa mafuta ya taa ya nyumbani, naitia begani, barabara isimame. Watawaita wote."

"Ukiitia begani wataniita mimi?"

Mwenye reki alifikiri. "Hapana. Wataita ile mashine."

"Basi buruta, shemeji. Dada yangu atakula begani kwako?"

Aliburuta wiki tisa. Asubuhi alitembea, mchana alikaa chini na chupa yake ya maji kuingoja barabara, maana ilikuja nyuma yake kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo. Alikuwa peke yake, na kazi ya barabara haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Alijikuta akigeuka kusema jambo na hakuna wa kulisikia. Kila alipogeuka aliiona lami imepungua. Kilomita ya kumi umbo la kokoto lilianza kuonekana chini yake. Kilomita ya ishirini aliona chini yake nyayo za mbuzi aliyepita wiki iliyotangulia. Hofu yake ilikuwa ya aina mbili na zilipokezana: kwamba lami itakwisha kabla ya mji, na kwamba mji utafika kabla hajajua atafanya nini baada yake. Alianza kupunguza hatua. Nyapara alimtumia salamu kwamba anaonekana.

Mkaguzi alimkuta kilomita ya thelathini na moja. Alikuwa na mashine yake ya kutoboa na fomu yake.

"Chaki iko wapi?" mkaguzi aliuliza.

"Hatuna chaki huku. Toboa tu popote, mzee," mwenye reki alisema, kama alivyokuwa amekusudia. "Hata kwa kijiti utafika chini."

Mkaguzi alikanyaga mara mbili kwa kisigino. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alieleza kwamba kutoboa pasipo na chaki ni kuharibu mali ya umma, akaandika kuwa hakuna sehemu iliyokutwa na kasoro, akamtakia kazi njema.

Kilomita ya arobaini ilikuwa mlango wa mji. Mhandisi alimpa mkono, akasema barabara imefika na kwa hiyo mkataba umefika. Stoo waliiandika reki kuwa imechakaa na kumwachia. Alirudi nyumbani kwa miguu juu ya kazi yake mwenyewe, akikanyaga kwa vidole.

Watu ishirini na watatu wakawa na shughuli moja, kuangalia mawingu. Hesabu yao ilikuwa fupi. Mvua huleta mashimo, na mashimo huleta viraka. Kiraka hakijiburuti, kinataka wa sururu, wa beleshi, wa kubeba kokoto, wa reki na wa rola, kwa hiyo hata wakibana namna gani hawatapungua watu saba. Walichagua hao saba wenyewe, kwa kuangalia nani ana watoto wengi. Shemeji alikuwa wa pili kwenye orodha. Alipaka viatu vyake vya kazi mafuta, akavivaa kila siku kuanzia hapo, hata kwenda kunyoa.

Mwenye reki aliomba mvua inyeshe, na akaona aibu, kwa sababu alikuwa akiomba mkono wake uharibike.

Ilinyesha siku tatu. Barabara ilitoka kama ngozi ya mgonjwa wa homa, vipande vizima vizima, na waliokaa kandokando waliviokota na kuezekea mabanda ya kuku. Lori mbili zilizama. Kilichosalia kizima kilikuwa kile kipande cha nyumbani, ambacho paa za uchochoro zilikikinga.

Siku ya nne nyapara aliingia uchochoroni. Wale watu saba, mwenye reki akiwamo, walikuwa wameshakaa kizingitini tangu alfajiri, wamevaa viatu, na shemeji alikuwa amenyoosha miguu yake mbele. Nyapara aliwasalimia wote kwa majina yao ya utani. Kisha akasoma karatasi.

"Nahitaji mtu mmoja," alisema. "Na reki. Mhandisi anasema hii ya hapa ivutwe irudishwe kule, ifunike kilomita zote arobaini."

"Hii?" mke wa mwenye reki aliuliza kutoka dirishani. "Si itakuwa kama karatasi?"

"Itakuwa nyeusi, mama. Wanachotaka ni nyeusi."

"Na dizeli?" mwenye reki aliuliza.

"Hakuna dizeli."

Mwenye reki aliingia ndani. Mkewe alikuwa akifunga chakula kwenye mfuko, cha mtu mmoja. Mwenye reki alipotoka alikuwa na reki mkononi, na meno yake yalikuwa na lami ileile ya Alhamisi. Wale sita waliangalia reki. Mmoja alianza kufungua kamba za viatu.

"Shemeji," mwenye reki alisema.

"Nenda, jua litapanda."

Aliyaweka meno ya reki chini, akaondoka bila kuitia begani. Barabara ilichakarika, ikajikokota kutoka kizingitini ikaanza kumfuata, na shemeji akakunja miguu kuipisha.