Mlinzi wa Mpini

Miaka kumi na tisa nafundisha darasa la nne hapa Nebraska, Marekani, na sijawahi kumfundisha mtoto jiografia akiwa amekaa. Mtoto akikaa, ramani nayo inalala. Kwa hiyo Jumatano ile ya Mei niliigeuza shule nzima kuwa jimbo letu. Ukumbi wa michezo ukawa Bonde la Platte, maktaba ikawa Milima ya Mchanga, na banda la mipira, kule mwisho wa uwanja upande wa magharibi, likawa Mpini. Jimbo letu lina umbo la kikaango, na upande ule ndio mpini wake.

Watoto niliowafanya wachuuzi walikuwa wakikimbia na kadi zao, wakibadilisha ng'ombe kwa mahindi na mahindi kwa maharage. Kila eneo lilikuwa na mlinzi mmoja tu, na mlinzi hatoki mpaka asikie filimbi yangu. Akitoka, eneo lake limeshindwa.

"Hata nikibanwa na mkojo?" aliuliza Trent Novotny, ambaye mdomo wake haujui likizo.

"Jikaze. Wewe ni Bonde la Platte, maji ndiyo kazi yako."

Mpini nikampa Odessa Kubicek. Miaka tisa, mpole, ukimwambia kaa anakaa. Ndiyo sababu nilimchagua.

Saa nne king'ora cha mji kikalia. Hakuna aliyeshtuka. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, mji hujaribu king'ora cha kimbunga, na hapa kwetu hata kinyozi hasimamishi mkasi. Watoto waliokuwa nami ukumbini wakaanza kukiigiza, Trent akakata mauno, nami nikacheka nao. Nilicheka, jamani. Mazoea yana taabu. Maana kila mtu wa hapa anajua, tangu ananyonya, kwamba siku anga likichafuka jaribio halifanywi, linaahirishwa ili watu wasichanganyikiwe. Na asubuhi ile nilikuwa nimeliona anga la kusini-magharibi limevimba, nikasema moyoni, itanyesha tu.

King'ora kikanyamaza, kisha kikaanza tena. Jaribio huwa mara moja. Nikageukia dirisha, nikaona nje kumekuwa kijani, kijani cha maji ya bwawa lililolala. Hapa kwetu rangi hiyo ni ya kimbunga.

"Koridoni! Vichwa ukutani!" Huyo alikuwa Bwana Lindgren, mkuu wa shule, na sauti yake ilikuwa imepanda kama ya mtoto. Wakapiga magoti kwenye mstari, mikono visogoni. Nikahesabu ishirini na wawili kati ya ishirini na watatu. Nikahesabu tena, mjinga mimi, kana kwamba sikujua aliyepungua ni nani.

Nilipuliza filimbi mlangoni mpaka mashavu yakauma. King'ora kikaimeza. Lindgren akajiweka kati yangu na mlango.

"Lorna, hutoki."

"Nina mtoto bandani."

"Ukitoka nitakuwa na watu wawili nje."

"Basi uwe nao wawili. Sogea, Carl, kabla sijakuumiza."

Akasogea. Sitaki mtu aniite shujaa. Niliogopa, nikajisukuma kwa matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Mvua ya mawe ilinipiga kichwani na mgongoni. Nilikuwa naliwaza banda lile, mabati na misumari, na kila hatua niliona kana kwamba limerudi nyuma. Sikumwomba Mungu ninusurike. Nilimwomba nimkute pale.

Nilimkuta kwenye pembe ya banda, amekumbatia boksi la kadi za maharage, analia bila sauti.

"Sijasikia filimbi, Mwalimu."

"Najua, mwanangu. Inuka."

Boksi hakutaka kuliacha, nikamnyang'anya na kulitupa. Nikambeba. Kurudi sikumbuki vizuri. Nakumbuka kucha zake shingoni mwangu, na Lindgren akituvuta ndani kwa ukosi wangu. Kisha likaja lile vumo la kimbunga, nililisikia kwenye meno, na watoto wote wakaita mama zao kwa pamoja. Nilimlalia Odessa. Moyo wake ulikuwa unakimbia chini yangu.

Lilipopita, jengo lilikuwa limesimama na watoto wote ni wazima. Kwenye Mpini ilibaki sakafu ya saruji tu.

Mama yake, Jolene, alikuja mbio kutoka duka la mikate, mikono bado ina unga wa maandazi ya kolache. Alimkumbatia mwanawe kwanza, kisha akanishika mabega akilia.

"Mungu akulipe, Mwalimu. Carl kaniambia ulivyomfuata. Nitakulipa nini mimi?"

Nikautazama unga wake kwenye mabega yangu. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa kule uwanjani.

Odessa akavuta aproni ya mama yake. "Mama, nimeshinda. Wengine wote waliondoka kwenye maeneo yao. Mimi sikutoka."

Jolene akamtazama, halafu akanitazama.

"Wengine wote waliondoka?" Aliniuliza mimi, si mtoto.

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia kwamba ni mimi niliyemweka kule na kumkataza kutoka, na kwamba king'ora kilipolia nilicheka.

Akaondoa mkono mmoja begani mwangu, kisha wa pili.