Msumari wa Luvumbu

Siku ya ufunguzi wa maonyesho yake pale Matadi, Luvumbu alilamba msumari, akaupigilia kifuani mwa sanamu lake kubwa la mbao za milango mibovu, kama wazee wa zamani walivyofunga viapo, akatangaza: "Nikiliuza, tumbo langu livimbe!" Zilikuwa mbwembwe za msanii tu. Lakini watu walipanga foleni na misumari yao. Huyu alimwapiza mwizi wa mbuzi, yule aliapa kuacha pombe.

Leo mnunuzi amefika na lori, na fedha zake zingeezeka nyumba ya Luvumbu. Kiapo hung'olewa na aliyekipigilia, kwa hiyo Luvumbu amekamata koleo, anavuta, jasho linamtoka. Msumari haujatikisika.

"Vuta, baba! Si ulisema ni mbao tu?" alicheka Mama Nlandu, muuza chikwanga, ile mikate ya muhogo.

"Ni mbao tu, mama!"

"Mbona umelegeza mkanda?"

"Nimeshiba chikwanga."

"Ya nani? Kwangu hujala tangu juzi!"

Umati ukalitazama tumbo lake. Vifungo viwili vya shati vilikuwa vimeruka.

Luvumbu akamgeukia mnunuzi. "Mzee, siuzi. Nakuazima, bure."

Pale pale akabeua mbweu ndefu, hata mbuzi wa jirani wakaitikia, na tumbo likanywea.

"Sanamu limekubali," alisema Mama Nlandu. "Haya, pakieni."